Pijo Lililovishwa Rimu za Kijapani

Siku tulipomzika mume wangu, mpwa wake alisimama mbele ya waombolezaji kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyesomeshwa, na alipofika katikati akasema: "Baada ya kupunguzwa kazini, marehemu alijishughulisha na biashara ya teksi." Akameza mate, akaendelea na habari za kwaya na kamati ya ujenzi wa kanisa. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, khanga nimejifunika mpaka puani, na nikacheka. Jirani yangu akanishika bega akidhani kilio kimenipanda upya. Nikamwacha adhani hivyo. Ningemweleza nini? Mwaka mzima wa maisha yangu, mwaka ulionizeesha kabla sijafika umri wa kuzeeka, ulikuwa umepita masikioni mwa watu kwa pumzi moja, na hakuna aliyeuona ukipita. Tangu siku ile nimekuwa nikiamka asubuhi na mwaka ule umeketi kitandani unanisubiri. Basi nimeamua kuuandika, labda utanipisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, na neno soko huria liko midomoni mwa kila mtu, hata wasioujua mlango wa soko. Baba Eliza, ndivyo nilivyomwita mume wangu na mpaka leo ulimi haujui kumwita vingine, alikuwa dereva wa shirika moja hapa Dodoma. Shirika likafa. Fedha za kiinua mgongo hazikuwepo, kwa hiyo wafanyakazi wakaambiwa wachague mali iliyobaki. Mtunza stoo alichagua mabati, akajenga nyumba ambayo ipo mpaka leo. Mhasibu alichukua makabati ya chuma, tukamcheka, lakini aliyauza siku ileile. Baba Eliza alichagua Pijo 404. Alikuwa ameliendesha tangu lina harufu ya dukani, akiwabeba mameneja waliokuja na kuondoka, na nadhani ndani ya moyo wake gari lile lilikuwa lake siku nyingi. Shirika lilikuwa limeliazima tu kwake. Alilileta nyumbani Makole akipiga honi toka barabarani, watoto wa mtaa wanalikimbilia, na mimi nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Sitasema uongo, nilipiga vigelegele. Lilikuwa gari zuri, rangi ya maziwa, limeinuka juu kama gari linalojua barabara zetu, na viti vyake vilikuwa na harufu ya tumbaku ya mabosi.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vinavyotazama uani. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vitatu, redio na kitanda cha Eliza nyuma ya pazia. Baba Eliza alihamisha meza na kuisogeza dirishani ili ale huku analitazama gari. Nilikuwa namwekea ugali wa uwele na mlenda, anamega tonge, anachovya, na macho yako nje. "Bunge la bajeti likianza," alikuwa akiniambia, "mji huu utajaa mpaka watu walale ukumbini. Waheshimiwa, makarani wao, madereva wao, watu wenye shida zao. Wote hao wanataka kupelekwa. Wewe subiri uone, Mama Eliza." Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, na nilijua alichosema ni kweli. Bunge likikaa, Dodoma yetu ya vumbi inageuka mji kwa miezi kadhaa, na mwenye gari anakula. Asiye na gari anauza karanga. Tulichora ule mstari wa teksi ubavuni. Kilichobaki kilikuwa matairi, kwa maana yale ya zamani yalikuwa yamekwisha kabisa, upara mtupu, na mawili yalikuwa yanaonyesha nyuzi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu vijana wa siku hizi hawataelewa. Miaka ya nyuma, wakati wa shida, tairi lilipatikana kwa kibali. Ulikuwa unasubiri, unasainiwa, unasubiri tena, lakini mwishowe unapewa tairi la gari lako. Mwaka ule maduka yalikuwa yamejaa. Matairi yalining'inia kwenye kuta, yalipangwa barabarani, mapya na ya mitumba kutoka Japani na Dubai, mpaka unajiuliza mji mzima utayavaa vipi yote. Baba Eliza alizunguka duka baada ya duka akiwa na kamba aliyolipimia Pijo. Halikuwepo tairi hata moja la kulingana. Saizi ya Pijo ilikuwa ya kizamani, dunia ilikuwa imeiacha bila kumwambia mtu. Muuzaji mmoja alimwambia kwa utani, "Mzee, saizi hiyo Wazungu wamezikwa nayo." Aliporudi alinisimulia akicheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Zamani hakukuwa na kitu, na changu nilikipata. Leo kila kitu kipo, changu ndicho hakipo."

Wakati uleule mkuu wangu wa idara aliniita ofisini kwake akaniuliza kama mume wangu bado anatafuta kazi, maana ofisi imepata gari jipya la Kijapani na inataka dereva mtu mzima, asiyekunywa. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Baba Eliza alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akasema taratibu, "Nimefungulia watu milango miaka yote hiyo. Sasa nina gari langu, unataka nikafungue tena?" Nikamwambia kazi ni kazi. "Mwambie asante," akasema, "lakini mimi nimejiajiri." Alivyolitamka neno hilo, nimejiajiri, ungedhani amepewa jina jipya la ubatizo. Nilikasirika nikalala nimempa mgongo, lakini nilimwelewa. Kama nisingemwelewa, nisingeumia kama nilivyoumia.

Aliyeleta dawa alikuwa fundi Salumu, mtu wa Kondoa, mwenye karakana yake Majengo na maneno mengi kuliko spana. Alikuja jioni moja, akalizunguka Pijo, akaketi mezani kwetu kula zabibu. Zilikuwa siku za mavuno, zabibu za Makutupora zinapitishwa mitaani kwa ndoo mpaka watoto wanazikinai. "Shemeji," akaniambia, "mume wako anahangaika kutafuta tairi lifuate gari. Sisi tutalifanya gari lifuate tairi." Kisha akamgeukia mwenyewe. Pijo, alisema, linafungwa kwa bolti tatu. Rimu ya Kijapani ina matundu manne. Hapo hakuna ndoa. Lakini rimu ina sehemu mbili: pete ya nje inayobeba tairi, na kitovu cha katikati kinachofungwa kwenye gari. "Tunakata kitovu cha rimu yako, tunakata cha Mjapani tunakitupa, tunachomelea chako ndani ya pete yake. Nje Mjapani, ndani Mfaransa. Nani atajua?"

"Itakaa sawa?" Baba Eliza aliuliza.

"Itakaa. Kule Kondoa nimeyafanya haya kwenye trekta."

Trekta na teksi ni ndugu wa mbali sana, lakini mtu aliyekwisha kuzunguka maduka yote na kamba mfukoni hachagui ukoo. Rimu za Kijapani zikanunuliwa na matairi yake, mapana, meusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Tuliyaweka nyuma ya pazia la Eliza, na usiku mtoto alilalamika kwamba yananuka.

Siku ya kukata nilikuwepo, maana ilikuwa Jumamosi. Walikatia uani kwetu, gari limepandishwa juu ya matofali. Salumu hakuwa na mtungi wa gesi wa kukatia. Aliuazima kwa jamaa zake waliokuwa kwenye ujenzi, na ulitakiwa urudi kabla ya jua kuzama. Alipokata rimu ya kwanza, kitovu kikatoka kimezungukwa na makovu ya moto, nikasema, "Kwa nini msichomelee hiyo moja kwanza, mkaifunga, mkaona?" Salumu alinyanyua miwani yake myeusi. "Shemeji, kuchomelea ni kwa umeme, na umeme leo haupo. Mtungi upo leo, kesho haupo. Maji yakitoka, unateka yote." Nilimtazama Baba Eliza. Alikuwa ameshika rimu ya pili mkononi, ya tatu imeegemea mguuni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuvuka mto. "Kata zote," akasema. Zikakatwa zote, na ya spea. Mtungi ukarudi kwa wenyewe ukiwa na joto.

Kesho yake tungechomelea. Nakumbuka tulivyolisema neno lile, kesho, bila wasiwasi wowote. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimegoma, maji ya Mtera yameshuka, na umeme ulikuwa wa mgao. Redio ilitangaza ratiba, lakini ratiba na umeme havikuwa na mazungumzo. Ukija, ulikuja mchovu, balbu inakuwa nyekundu kama embe bivu, na mashine ya Salumu inanguruma tu bila kuuma chuma. Alijaribu wiki ya kwanza, akajaribu ya pili. Kisha baba yake mkubwa akafariki Kondoa, naye akaenda msibani, na kwao huko mtu kama yeye hatoki kabla ya arobaini.

Wasomaji watauliza kwa nini hatukwenda kwa fundi mwingine. Tulikwenda. Baba Eliza alifunga vile vipande kwenye gunia, akabeba begani, akawapitia mafundi wa Majengo wote. Kila mmoja alivishika, akavigeuza, akauliza swali lilelile: "Nani alianza?" Akitajiwa Salumu, anavirudisha kwenye gunia kwa adabu. "Msubiri mwenyewe, mzee. Kazi iliyoanzwa na mwenzako haiguswi, na huyu yuko msibani. Nitamtazamaje?" Hakuna aliyekuwa na ubaya. Wengine walimpa chai. Walikuwa watu waungwana wanaoheshimiana, na uungwana wao ukatunyonga taratibu.

Bunge likaanza. Kutoka ofisini nilikuwa naona magari yakiingia mjini, marefu, meupe, vioo vimefungwa, na teksi za vijana zinapishana usiku na mchana, zote za Kijapani, zote za juzi. Nyumbani Pijo lilikaa juu ya matofali, miguu mitupu. Kuku wa mwenye nyumba walitaga chini yake. Pete za rimu za zamani zilikuwa zimetupwa ukutani, na mama mmoja wa uani aliniomba moja ateleke juu yake sufuria ya pombe. Nilimpa. Jioni, nikiwa jikoni, nilikuwa nawasikia wanawake wa uani wakiongea upande wa pili wa ukuta wakidhani siwasikii. "Gari la Mama Eliza linaatamia." "Ng'ombe wa maskini hazai." "Akizaa huzaa dume, bibi wee." Wakacheka, si kwa chuki, wanawake wamechoka wanatafuta cha kuchekea. Mimi mwenyewe ningekuwa upande wao wa ukuta ningecheka. Ndani, Baba Eliza alikuwa amerudisha meza mahali pake pa zamani, akila ameupa mgongo dirisha. Mlenda ulipoa, akaendelea kumega.

Nilikwenda kwa mkuu wangu kumwuliza ile nafasi. Alikuwa mwema, aliniambia niketi. Dereva alikwisha kupatikana, kijana kutoka Singida. Sikumwambia Baba Eliza kwamba nilikwenda, naye hakuuliza, lakini wiki ile alianza kunisindikiza ofisini kwa miguu asubuhi, ananiacha getini, anageuka. Nilikuwa namtazama akirudi na barabara ya vumbi, upepo wa Juni unapeperusha suruali yake, na nilihisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi juu yake. Nilimwonea huruma. Mke akianza kumwonea mumewe huruma, jamani, kuna kitu kimevunjika ambacho hakichomelewi.

Salumu alirudi, na siku umeme ulipokuja na nguvu zake akachomelea zote kwa mkupuo, jasho linamtoka, mashine inapasua hewa. Tukalishusha gari. Magurudumu mapya yalikuwa mapana lakini mafupi, na Pijo lililokuwa limeinuka kwa fahari likawa limechuchumaa, kama mtu mzima aliyevalishwa kaptula ya mtoto. Mwili wa zamani juu, viatu vya kisasa chini, na katikati hakuna maelewano. "Limependeza," Salumu alisema, kwa mara ya kwanza kwa maneno machache. Baba Eliza akaliwasha. Kuanzia mwendo wa baiskeli usukani ulianza kutetemeka. Vitovu havikuwa vimekaa katikati kabisa. Tofauti ya unene wa ukucha tu, lakini gurudumu halijui ukucha, linajua kuzunguka. Walifungua, wakagonga kwa nyundo, wakafunga. Likatetemeka. Wakabadilisha la mbele nyuma. Likatetemeka nyuma. Kurudi kwenye rimu za zamani hakukuwepo, na moja ilikuwa imebeba sufuria ya pombe.

"Litazoea," alisema Baba Eliza. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Siku hizi naona vijana wa mjini wameyafufua magari ya zamani, wameyavisha rimu zinazometa, maharusi wanapiga nayo picha pale bustanini. Naambiwa kuna mashine zinazopima kila kitu, na rimu zinatengenezwa kwa agizo. Mjukuu wangu alinionyesha moja kwenye simu, akasema, "Bibi, cheki linavyowaka." Nikamwambia aliondoe. Alishangaa, na sikumweleza. Labda akisoma haya ataelewa kwamba bibi yake hachukii vitu vizuri.

Baba Eliza alikwenda kituo cha teksi karibu na stesheni Bunge likiwa bado linakaa, mji bado umejaa. Aliondoka alfajiri amevaa shati lililopigwa pasi. Mchana nikaomba ruhusa ofisini, nikapita nyumbani kuchukua hotipoti, nikampelekea chakula. Nilimkuta wa kwanza kwenye mstari wa teksi, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kijana mmoja aitwaye Juma, ambaye Baba Eliza alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa shirika, alinipokea kwa shikamoo na kunieleza. Kituo kile kina utaratibu: anayefika kwanza huondoka kwanza. Lakini asubuhi ile, mwalimu wao alipofika na Pijo lake, vijana walikubaliana kwamba yeye hapangi foleni. "Tukasema mzee ni namba moja, mama. Hata akifika wa mwisho. Ni heshima yake."

Nikasimama kando na hotipoti yangu. Treni ilikuwa imeleta watu. Alikuja bwana mwenye mkoba, akashika mlango wa Pijo, akatazama chini kwenye magurudumu, akatazama juu, akauachia. "Ngoja nichukue hili la nyuma." Juma akapita na gari lake, akipunguza mwendo dirishani. "Samahani, mzee." Wakaja akina mama wawili wenye vitenge vya kufanana. Baba Eliza alishuka akawafungulia mlango wa nyuma, kwa ule mkono wake wa miaka yote, lakini mmoja akamnong'oneza mwenzake na wakasogea. Kijana wa pili akapita. "Samahani, baba." Hivyo hivyo. Kila aliyemkataa yeye, mwingine alimbeba, na kila aliyembeba aliomba radhi. Sikujua kwamba neno samahani lina uzito wa kuweza kumwinamisha mtu, mpaka siku ile nilipomwona mume wangu anazidi kuwa mfupi nyuma ya usukani. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Hakuwa amebeba mtu.

Kisha Juma aliporudi akaenda kusimama dirishani kwake, mikono nyuma. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu. "Mwalimu, usinifikirie vibaya. Abiria wakikuta hili mbele wanadhani teksi zetu zote ziko hivi, wanavuka barabara kwenda kwa wale wa upande wa pili. Vijana wameniomba nikwambie. Ukae pale kwenye kivuli, nyuma ya kibao cha kituo. Akija anayelitaka tutamleta sisi wenyewe, mpaka mlangoni."

"Sawa, mwanangu," alisema Baba Eliza. "Mna haki."

Nilimwendea. Nilitaka nimwambie twende nyumbani, nilitaka nimrushie Juma hotipoti, nilitaka kulia. Sikufanya hata kimoja. Baba Eliza alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango. Ulikuwa mlango wa nyuma.

"Panda," akasema.

"Nyuma tena, Baba Eliza?"

"Panda nyuma, mama." Hakunitazama. "Waone nimepata abiria."

Nikapanda. Nikakaa pale walipokuwa wakikaa mabosi, hotipoti magotini, nikanyoosha shingo kama mtu asiyemjua dereva. Baba Eliza akatoa gari taratibu mbele ya mstari wote. Na wale vijana, Mungu awabariki, hawakunitambua au walijifanya hawakunitambua, wakaanza kupiga makofi. Mmoja akapiga honi. "Mzee kapata! Mwalimu kapata!" Juma, aliyenijua vizuri, alikuwa amenyanyua mikono yote miwili anapunga, anacheka kama mtu mwenye furaha ya kweli. Baba Eliza akawapungia.

Hakukunja kona ya Makole. Alinyoosha, gari linatetemeka mpaka kifuniko cha hotipoti kinagonga, tukaipita mitaa, tukafika ambapo nyumba zinaanza kuachana, njia ya Nzuguni. Hapo alirekebisha kioo akaniona, nikamwona. Akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, sauti ya kazini, ya adabu, iliyokuwa imewabeba mameneja wote wale: "Tunaelekea wapi, mama?"

"Mbali," nikamwambia. "Nipeleke mbali."

Akaendesha. Sikutaka tufike popote. Nilijua nikishuka hatapata mwingine.